Kuuzunguka Mji kwa Miguu na Sahibu wa Shuleni

Watu wawili waliolala bweni moja, wakaachana kwa miaka mingi kila mmoja akienda alikosukumwa na riziki yake, wakikutana tena aghalabu huketishwa sebuleni, wakaletewa soda, wakakumbushana majina ya walimu na visa vya jikoni, na haupiti muda mazungumzo yakaanza kukauka, kila mmoja akiitazama saa kwa siri huku akidai kwamba hana haraka. Si kwamba mapenzi yamekwisha. Kumbukumbu za shule, hata zikiwa tamu namna gani, ni chache kuliko tunavyodhani, nazo zikishamalizika hubaki mtu mzima mbele ya mtu mzima mwenzake, wasiojuana. Ushauri wangu kwa kila msomaji atakayepata mgeni wa namna hii hapa Kawajense au popote katika mji wa Mpanda, au atakayekuwa mgeni huyo yeye mwenyewe katika mji wa mwingine, ni kwamba wasalimiane, wanywe maji, kisha watoke nje wautembee mji kwa miguu, na wauache mji wenyewe uwe ndio unaouliza maswali.

Wanaotembea pamoja hawalazimiki kutazamana usoni, wala kimya kikiingia kati yao hakihesabiwi kuwa dosari, maana macho yana kazi na miguu ina kazi. Na habari ambazo mezani zingehitaji ujasiri kuzitamka, kama ndoa iliyovunjika, au cheo kilichopotea, au mtoto aliyekataa shule, njiani hutoka zenyewe, bila kuulizwa, mara nyingi kwa kisingizio cha kitu kilichoonekana kando ya barabara.

Jambo hili lilinidhihirikia mbali sana na hapa. Mwenzangu mmoja wa shuleni alikuwa masomoni katika mji wa Kyoto, nchini Japani, nami safari yangu iliponipitisha huko nilimzuru. Kyoto ulikuwa makao ya wafalme wa nchi ile tangu mwaka 794 hadi karne ya 19, na njia zake kuu zilichorwa tangu awali kwa mistari iliyonyooka, ikikatana kwa pembe mraba, kwa kuufuata mji mkuu wa Uchina wa wakati huo, Chang'an. Mahekalu yake ni mengi kiasi cha kumtia mgeni tamaa ya kukimbizana nayo, asubuhi mawili, mchana matatu, jioni picha. Sahibu yangu alikataa. Alisema kwamba aliyekuja kuyaona mahekalu ayaone siku nyingine akiwa peke yake, bali siku ile tutatembea njia moja tu, nayo ni ile ya kando ya mfereji iitwayo Njia ya Mwanafalsafa, yenye urefu wa kilomita mbili hivi kutoka hekalu la Ginkaku-ji kuelekea upande wa Nanzen-ji, iliyopata jina lake kwa sababu ya Nishida Kitaro, profesa wa Chuo Kikuu cha Kyoto, ambaye husemwa kuwa alikuwa akiipita huku akitafakari.

Mfereji ule ni tawi la mfereji mkubwa uliokamilishwa mwaka 1890 ili kuyaleta maji ya ziwa Biwa mjini, katika siku ambazo mfalme alikwisha kuhamia Tokyo, na wenyeji wakahofu kwamba mji wao utafifia. Nilipokuwa nikisomewa habari hiyo, mwenzangu akasimama, akayatazama maji, akaanza kunieleza jinsi baba yake alivyotumia kiangazi kizima akichimba kisima kijijini kwao, na jinsi yeye, akiwa mtoto wa shule, alivyokuwa akiona haya kurudi likizo kwa sababu kisima kilikuwa kimekauka na watu walikuwa wakikicheka. Tulikuwa tumelala vitanda vilivyopakana kwa miaka, wala hakupata kunitamkia neno hilo. Mfereji wa Wajapani ndio uliomwuliza.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza, na kwangu ndiyo iliyo nzito kuliko zote, ni kuchagua njia moja yenye mambo ya kuulizia, na kuziacha njia nyingine. Anayejaribu kumwonyesha mgeni mji mzima humwonyesha vumbi lake tu.

Msomaji atakayejaliwa kwenda Japani nampa machache ya kumfaa, kisha turudi nyumbani. Aende mwishoni mwa Machi na Aprili, au Novemba, kwa kuwa joto la Julai na Agosti katika bonde lile la Kyoto lina unyevu unaoelemea hata watu wa pwani. Avae viatu vinavyovuliwa upesi, maana mahekaluni na katika nyumba nyingi huingii na viatu. Achukue mfuko mdogo wa taka zake, kwa sababu mapipa ya taka njiani ni nadra na kutupa ovyo ni aibu kubwa. Asile huku akitembea, ijapokuwa njaa inamhimiza. Akipotea, kuna vituo vidogo vya polisi mitaani, ambavyo kuelekeza wapita njia ni sehemu ya kazi zao za kila siku, nasi tuliozoea kumkwepa askari hatuna budi kujifunza kumkaribia. Magari huenda upande wa kushoto kama kwetu, basi katika kuvuka barabara hana la kujifunza upya.

Mintarafu ya Mpanda, jambo la kwanza la kujua ni jua. Saa zetu zimefungwa na nyuzi 45 za mashariki, ilhali mji wetu uko karibu na nyuzi 31, kwa sababu hiyo jua la hapa huchelewa nyuma ya saa ya ukutani kwa muda unaokaribia saa nzima. Mgeni atokaye Dar es Salaam, akiamka kwa mazoea yake, atakuta bado giza. Mwezi wa Juni jua huchomoza karibu na saa moja kamili ya asubuhi, na utosi wake haufiki saa sita bali karibu na saa saba. Basi msitoke kabla ya saa moja na nusu, mrudi kivulini ifikapo saa tano na nusu, na ile sehemu ya pili ya matembezi iwe baada ya saa kumi, nanyi mtakuwa bado na mwanga hadi karibu na saa moja ya jioni. Wengi huwapangia wageni wao matembezi ya saa nane mchana, wakidhani jua limekwisha kuinama, kumbe ndio kwanza limetoka utosini.

Majira nayo yana hukumu yake. Mvua zetu huanza kwa kawaida Novemba zikaendelea hadi Aprili, na katika miezi hiyo njia za ndani za Kawajense, zisizo na lami, huwa na utelezi na madimbwi. Walakini ndiyo miezi ya maembe na ya uyoga wa porini, na mtu aliyekulia huku kisha akakaa ugenini miaka mingi huenda akapendelea tope lenye embe kuliko ukavu usio na kitu. Septemba na Oktoba ni joto na vumbi. Mimi nikiachiwa hiari huchagua Mei au Juni, wakati majani hayajakauka na asubuhi ina ubaridi wa kumfanya mtu atake kutembea.

Viatu viwe vile vilivyokwisha kuuzoea mguu. Sisemi zaidi juu ya hilo, ila kwamba nimewaona watu wazima wakimpokea mgeni kwa viatu vipya ili waonekane wamefanikiwa, na kabla ya kufika sokoni mazungumzo yote yamekuwa juu ya malengelenge.

Anzieni nyumbani Kawajense, mpite ndani ya mitaa badala ya kushika barabara kubwa, kwa maana ndani ndiko watu wanakoishi: mama anayefagia uwanja, fundi baiskeli chini ya mwembe, watoto wanaokwenda shule wakisimama kumwamkia mgeni shikamoo. Hapa pana adabu moja ambayo wenyeji huisahau. Mgeni wako atambulishwe kwa kila mzee mtakayempita, kwa jina lake na kwa ukoo wake, na kwa heshima anayostahili leo. Kama ni mwalimu aitwe Mwalimu, kama ana watu wazima anaowaongoza asiitwe kwa lakabu ya bwenini. Lakabu zile, ambazo nyingine zilitokana na ulafi na nyingine na kukojoa kitandani, zinaweza kuamshwa mkiwa wawili, na hapo pia kwa ruhusa yake. Mbele ya kijana anayemwamkia ni dhuluma.

Mwache mgeni aulize njia, hata kama wewe unaijua. Tangu operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022 mitaa yetu imepata nguzo na namba, nazo zina faida yake, lakini mtu akiulizwa bado huelekeza kwa mwembe, kwa msikiti, kwa duka la fulani na kwa nyumba ya marehemu fulani. Na katika kuelekeza huko mgeni huambiwa nani alifariki, nani alihama, na duka lipi lilifungwa. Hata Kyoto, pamoja na njia zake zilizonyooka, wenyeji huitaja nyumba kwa njia panda iliyo karibu nayo, kisha wakasema iko juu au chini ya hapo, juu ikiwa ni kaskazini.

Kisha shukeni hadi stesheni ya reli, na hapo nawasihi msiharakishe. Wageni wengi hupitishwa wakaambiwa, hii ndiyo stesheni, wakaendelea. Ilhali jengo lile na zile pau mbili za chuma ndizo zilizoufanya mji. Ardhi ya Mpanda ilikuwa na risasi, yaani yale madini mazito ya kijivu, pamoja na fedha na dhahabu kidogo, na kampuni ya Uruwira Minerals ilipojizatiti kuichimba ililazimu pawepo njia ya kuyapeleka madini pwani, ndipo likajengwa tawi la reli kutoka Kaliua, urefu wa kilomita 210 kupita katika misitu ya miombo, likafika hapa mwaka 1950. Mgodi ule haukudumu. Ulifungwa mwaka 1960, kabla hata ya Uhuru. Reli ilijengwa kwa ajili ya mgodi, mgodi ukafa, na reli ikaendelea kuwapakia watu, mahindi, tumbaku na wanafunzi waliokuwa wakienda shule za Tabora na masanduku yao ya bati. Sijaona mahali pazuri kuliko hapo pa kumwuliza mtu wa makamo habari za kazi yake, kwa kuwa kila mmoja wetu anao mgodi wake uliofungwa, na hapo hahitaji kuulizwa moja kwa moja.

Aliyeondoka kabla ya mwaka 2012 ana mengine ya kushangazwa nayo. Alipoondoka Mpanda ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Rukwa, na mwenye shida kubwa alikwenda Sumbawanga. Akirudi anakuta makao makuu ya Mkoa wa Katavi, manispaa yenye ofisi zake, na barabara ya lami ya kwenda Tabora mahali ambapo zamani safari ilikuwa ni bahati nasibu. Mwachie nafasi ya kupotea. Wenyeji tuna kasoro ya kutaka kumsahihisha mgeni kila anaposema kwamba hapa palikuwa na kichaka, nasi tukasema la, kichaka kilikuwa kule. Yamkini yeye ndiye aliye sahihi, na hata akikosea kichaka chake hakimdhuru mtu.

Sokoni ingieni kama wanunuzi. Anayetembea sokoni mikono mitupu akitazama tu huwapotezea wauzaji wakati, na wao humjua. Nunua mchele wa Kakese au wa Mwamkulu, nunua asali iliyotoka misitu ya Inyonga, nunua migebuka au dagaa waliotoka ziwa Tanganyika kwa njia ya Karema na Ikola, kisha ukae karibu na muuzaji kwa muda mfupi ukimsikiliza. Karema peke yake ni hadithi ya kutosha njia nzima ya kurudi, maana ni mahali ambapo ile jumuiya ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji ilijenga kituo chake mwaka 1879, kabla ya kukabidhiwa kwa Mapadri Weupe mwaka 1885. Muuzaji wa dagaa hana haja ya kuijua tarehe hiyo, bali atakueleza upepo wa ziwa na bei ya jana, nayo ni elimu pia.

Katika soko hilo hilo mtasikia Kibende na Kikonongo, Kipimbwe na Kifipa, Kisukuma na Kiha, na Kirundi. Hapa nina hadhari ya kutoa. Watu wengi waliokimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972 walipewa makazi Katumba, karibu na mji huu, na baadaye Mishamo. Wakalima, wakazaa, wakazika wazee wao hapa, na hatimaye wengi wakapewa uraia wa Tanzania. Mgeni mwenye shauku, akisikia lafudhi, hupenda kuuliza papo hapo, wewe ni mtu wa wapi. Mzuie kwa upole. Swali hilo, ambalo kwake ni salamu, kwa aliyewahi kuulizwa na karani akiwa na karatasi mkononi si salamu. Akitaka kujua, na aulize mahindi yamelimwa wapi. Jibu la shamba litamfikisha alikotaka, kwa hiari ya mwenyewe.

Baada ya soko mtapaswa kuketi. Chagueni mgahawa wa mama lishe, agizeni chai au wali kwa maharage, simu zikae mfukoni. Nami naongeza hapa shauri ambalo baadhi ya wasomaji hawatalipenda: wawe wawili tu. Mke, mume, shemeji na yule mwenzenu wa tatu wa darasa moja, wote ni wapendwa, na wote wana nafasi yao katika chakula cha usiku; lakini akiingia wa tatu matembezi hugeuka kuwa mkutano, mmoja huongea na wawili husikiliza, na yule mpole kati yenu harudi tena kutamka lolote. Mweleze mwenzi wako mapema, kwa heshima, kabla mgeni hajafika, ili asidhani kuna siri.

Mambo ya fedha yanahitaji werevu zaidi kuliko yote niliyoyataja. Mara chache sana marafiki wawili wa shule hukutana wakiwa na mifuko iliyo sawa, na njia nzima kuna matumizi madogo madogo, maji, chai, kilo ya mchele, ambayo kila moja huweza kuwa jeraha. Desturi ya kwetu ni kwamba mwenyeji hulipa, na desturi hiyo ishikwe hata kama mwenyeji ndiye mnyonge, mradi matumizi yachaguliwe kwa kadiri yake. Mgeni tajiri anayewahi kutoa noti kubwa mbele ya mama lishe amemvua mwenzake nguo hadharani. Akiwa na nia ya kusaidia, na afanye hivyo baadaye, kwa jina la watoto, pasipokuwa na shahidi, wala asiitaje tena. Na wewe mwenyeji mwenye haja, usiifanye siku ya matembezi kuwa siku ya kuomba. Acha ipite. Ombi linalokuja kwa simu baada ya wiki mbili husikilizwa kwa utulivu, na akilikataa, siku ile njema itakuwa haikuguswa.

Kuna maswali mengine mawili ya kuyaahirisha: nani alikuwa wa kwanza darasani, na kwa nini hukuoa au hukuzaa. La kwanza limekwisha kupoteza maana, na la pili halikuwa nayo tangu mwanzo.

Wapo watakaotaka kuendelea hadi Sitalike, kiasi cha kilomita 35 kusini, kuwatazama viboko wa mto Katuma. Nendeni, lakini nendeni kwa gari, na miguu ibaki ndani yake mpaka muwe na askari wa hifadhi. Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyoanzishwa mwaka 1974, inaruhusu matembezi ya miguu kwa utaratibu wake, pamoja na askari mwenye silaha, wala si kwa ushujaa wa watu wawili wanaokumbushana mbio za masafa marefu za shuleni. Wakati wa kiangazi maji yakipungua viboko hujazana katika vidimbwi vilivyobaki, na kiboko aliye nje ya maji, akikatwa njia ya kuyarudia, hana mzaha.

Jioni, mkikaribia kurudi Kawajense, bodaboda watawapungia kila baada ya hatua chache, na miguu itawashawishi. Kama mmoja wenu amechoka kweli, au ana mguu mbovu, pandeni bila haya. Kama ni uvivu tu, vumilieni, kwa kuwa katika uzoefu wangu sehemu ya mwisho ya njia ndiyo inayotoa neno zito la siku, pale mtu anapoona kwamba nafasi inakwisha. Huko ndiko aghalabu hutajwa waliokufa. Darasa la watu wa makamo lina makaburi yake, na kila mmoja wenu atakuwa na habari za wawili au watatu ambazo mwenzake hakuzipata. Ambianeni, semeni walizikwa wapi, na kama mnajua namba ya mjane au ya mtoto, ipigeni palepale mkiwa wote wawili, kila mmoja aseme neno lake. Peke yako utaahirisha simu hiyo mpaka mwakani.

Mkifika nyumbani mgeni apewe maji ya moto ya kuoga na chakula mapema, wala asikeshwe kwa hadithi, kwani mabasi ya masafa marefu aghalabu huondoka alfajiri, na hapa kwetu, kwa sababu ya lile jua nililolieleza, alfajiri ya saa kumi na mbili ni usiku mtupu. Mwandalie tochi, na umsindikize mwenyewe hadi stendi.